Mchapishaji wa Mluzi

Mwalimu Yuster Bulugu akikasirika hapigi kelele. Anapiga mluzi. Katika shule yetu ya sekondari hapa Nyantakara hakuna mwanafunzi asiyeujua mluzi huo, unaotoka polepole katikati ya meno, wimbo ule ule mmoja miaka yote, na ukiusikia nyuma ya mgongo wako ujue umeshaharibu. Mimi nafundisha hisabati katika darasa linalopakana na lake, na kazi yangu ni kuhesabu, kwa hiyo nimehesabu. Kwa wiki anakasirika mara nne. Wiki ya mitihani siweki rekodi.

Yeye ni Msukuma. Wazazi wake walihamia Biharamulo kutoka Shinyanga wakiwa wameswaga ng'ombe kwa miguu, yeye akiwa mgongoni. Mimi naitwa Novatus, Mhangaza wa Mugoma kule Ngara, mtoto wa migomba na kengele za kanisa. Miaka kumi na moja tumekaa meza moja ya ofisi ya walimu, na mgeni akitusikia hudhani tunagombana. Yeye husema sisi Wahangaza tunazaliwa na ndizi mdomoni. Mimi humjibu kwamba kwao mtu huulizwa hali ya ng'ombe kwanza, ya watoto ikibaki nafasi. Hayo ni mambo yetu. Siku mke wangu alipolazwa, Yuster ndiye aliyefundisha vipindi vyangu vyote, hisabati asiyoijua, na hakuwahi kunisimanga.

Wimbo anaoupiga mluzi ni wa baba yake. Mzee Bulugu Mashimba, sasa ni marehemu, alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, na alijulikana mpaka Nyakahura. Huo ndio wimbo wake uliopendwa kuliko nyingine zote. Ni wa Kisukuma, lakini kwa Kiswahili unakwenda hivi:

Ndama wangu uko wapi, jua linazama;
nikirudi bila wewe, nitasema nini nyumbani?

Watu wazima waliusikiliza wakifuta macho. Walisema ndama ni nchi ya Shinyanga waliyoiacha. Katekista mmoja alisema ndama ni roho ya mtu. Yuster mwenyewe, alipokuwa chuo cha ualimu, aliandika kurasa kumi na nne kuthibitisha kwamba ndama ni malisho ya mababu, akapewa alama nzuri sana.

Sasa, kuna kisa ambacho hukisimulia kila kidato cha kwanza kinachoingia. Alikuwa na umri wa miaka tisa. Jioni moja wamekaa na baba yake kibarazani na redio, mara ule wimbo ukasikika, sauti ya Mzee Bulugu mwenyewe. Zamani mtu fulani mwenye kinasa sauti alipita kwenye ngoma akaichukua. Yuster akaruka. Wimbo ulipokwisha mtangazaji akasema, "Huo ni wimbo wa asili kutoka Kanda ya Ziwa." Basi, akaenda kwenye bei za pamba. Mzee Bulugu akasema, "Huyo anaimba vizuri."

Yuster akifika hapo husimama katikati ya darasa. Halafu huwaambia, "Wimbo usio na jina ni mtoto aliyeokotwa. Ukitunga, andika jina lako." Nimelisikia somo hilo ukutani kwangu mara kumi na moja, na mara zote limenigusa, ingawa mbele yake sijawahi kukiri.

Kutoka hapo lilizaliwa jarida. Kwanza lilikuwa karatasi za manila zilizobandikwa nje ya ofisi: nyimbo walizotunga wanafunzi, bongo fleva, kwaya, singeli, ngoma za nyumbani, maelezo ya kutengeneza gitaa kwa galoni la mafuta, ushauri kwa mvulana ambaye sauti imeanza kumkatika katikati ya Misa. Wanafunzi wa shule nyingine wakaanza kuja kulinakili siku za mnada. Wakaliita Mluzi, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mwaka jana ukuta ukatushinda. Tukakubaliana jarida lichapishwe kweli kweli, litoke kila muhula, na kwa kuwa kusajili jarida si kusajili kuku, tukatafuta mchapishaji wa kulibeba.

Tukapata wawili, na hapo ndipo amani ya meza yetu ilipoisha.

Wa kwanza alikuwa bwana Malongo wa Mwanza, mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye adabu na viatu visivyoshika vumbi sijui kwa dawa gani. Alikuwa na majarida mawili madukani tayari. Yeye angechapa Mluzi kwa rangi, kwa karatasi ya kung'aa, likauzwa Geita, Kahama, Shinyanga mpaka Tabora. Alikwenda nyumbani kwa Yuster, akanywa maziwa ya mgando, akausikia wimbo wa Mzee Bulugu. Akasema, "Huu unaingia ukurasa wa kwanza. Na picha ya mzee, kubwa, ya rangi. Na jina lake chini."

Yuster alinieleza hayo asubuhi yake, mimi peke yangu, akiwa ameshika kikombe cha chai bila kukinywa. "Novatus, jina lake chini. Umesikia?" Nilisikia. Sijawahi kumwona mtu mzima akitaka kitu kiasi kile.

Wa pili nilimleta mimi, na ndiyo dhambi yangu. Mama Agripina ana mashine ya kuchapa pale Ngara mjini. Ujana wake wote alipanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha masista, na alipostaafu akaanzisha chake. Alichapa kadi za harusi yangu, na majina ya wajomba wote ishirini na tatu yalitoka sawasawa, jambo ambalo hata mama yangu mzazi haliwezi. Rangi hana. Ni nyeusi na nyeupe, nakala mia tano, kusambaza ni kwa mabasi na kwa maparokia. Na ana sheria zake: kila wimbo uchapwe na majina matatu ya mtunzi, umri aliokuwa nao alipoutunga, na shule yake, na nyimbo zipangwe kuanzia ya mtunzi mdogo kuliko wote kwenda kwa mkubwa.

Yuster alimpigia simu. "Shikamoo mama. Nina wimbo wa marehemu baba yangu, alikuwa manju. Unaweza kuingia toleo la kwanza?"

"Marahaba mwanangu. Jarida si la vijana?"

"Ndiyo mama, la vijana."

"Basi ni la vijana. Wimbo wa mzee una mahali pake, mwanangu, lakini si hapo. Tukianza kuwapisha wazee, watoto watakaa wapi?"

Yuster alikata simu kwa heshima zote, kisha akapiga mluzi vipindi viwili mfululizo.

Walimu tukagawanyika. Mkuu wa shule, ambaye anachukia ugomvi kuliko anavyopenda chakula, akasema tuamue wenyewe ila tusimtaje. Ndipo Yuster akasimama kikaoni na neno lake.

"Jarida ni la wanafunzi. Wachague wao. Na wachague kama kwetu tunavyochagua ngoma."

Kwa asiyejua: kwa Wasukuma, baada ya mavuno, ngoma mbili zinazoshindana huanza pamoja katika uwanja mmoja, moja huku na nyingine kule. Hakuna jaji mwenye kalamu. Watu wenyewe wanakwenda wanakovutwa, wanahama wakichoka, wanarudi wakipenda. Jua likizama, penye watu wengi ndipo penye ushindi. Na manju aliyeshindwa huvuka uwanja kwa miguu yake kwenda kumpa mwenzake mkono. Ndivyo baba yake alivyomfundisha.

"Mimi ni binti wa manju," akasema. "Watu wakihama, manju hasemi neno."

Nilimtazama nikajua hesabu yake. Watoto, rangi na spika. Nani angeshinda hapo? Alijiona ameshamaliza, na kusema kweli hata mimi nilimwona amemaliza.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mahindi yameshaanikwa, wageni wakafika. Bwana Malongo alikuja na pikapu, jenereta, spika mbili ndefu kama milango, na masanduku ya majarida ya mfano. Mama Agripina alishuka basi Nyakahura akapanda pikipiki, akafika na vumbi mpaka kwenye kope, kompyuta ndogo na mashine ya kuchapia ndani ya kikapu cha sokoni. Akaomba meza, akaiweka kwenye kibaraza cha kidato cha pili, tukapitisha waya wa umeme dirishani. Yuster alisimama upande wa spika, mimi upande wa meza, kila mtu na mgeni wake.

Saa nne spika zikafunguliwa, na shule nzima ikaenda. Mia tatu na kitu. Hata mpishi aliacha makande. Upande wetu tulibaki watu wawili na kikapu.

"Watakuja?" nikamwuliza.

"Sijui, mwanangu," akasema Mama Agripina, akifuta kioo cha kompyuta kwa pindo la kitenge. "Mimi si ngoma."

Yuster alinipungia mkono kutoka ng'ambo. Nikageuza uso.

Wa kwanza alikuja karibu saa sita, na alifuata kivuli tu. Kasichana ka kidato cha kwanza, jua limemchoma. Mama Agripina akamwambia akae, akamwuliza majina yake yote matatu, miaka mingapi, anatunga? Yule mtoto akasema anao wimbo mmoja wa kumkataza mdogo wake kulia. "Uimbe." Akauimba akiangalia sakafu. Mama Agripina akachapa, akamgeuzia kompyuta: "Soma. Jina ndilo? Maneno ndiyo?" Mtoto akasoma kwa kidole. Mashine ikalia kidogo, ikatoa karatasi. Nyeusi na nyeupe, jina lake juu, miaka kumi na mitatu, shule, wimbo. Akaishika kwa ncha za vidole, akasahau kuaga, akaondoka mbio kwenda kwenye spika kuwaonyesha wenzake.

Wakaja wanne. Halafu kumi. Baada ya makande ikawa foleni, na katika foleni wakawa wanaimbiana wakisubiri, kiasi kwamba wengine wasio na wimbo walikuja kusikiliza.

Lakini wengi bado walikuwa ng'ambo, na mambo yasingebadilika kama si Deodata. Huyu ni mwenyekiti wa klabu ya muziki, kidato cha tatu, msichana mpole anayeuliza maswali mpaka mwisho. Nilikuwa nimekwenda upande ule kutafuta maji ya kunywa, nikamkuta na jarida la mfano mkononi. Bwana Malongo alikuwa ameandaa kurasa za Mluzi lenyewe, zikiwa na rangi, nzuri kweli. Jalada lina mwanamuziki wa Dar es Salaam na miwani yake. Ukurasa wa kwanza, Mzee Bulugu Mashimba, picha kubwa, jina chini.

"Sisi tuko ukurasa gani?" Deodata akauliza.

"Ishirini na mbili," akasema bwana Malongo, akamfungulia. Kulikuwa na picha ya darasa zima imepigwa kwa mbali, na maneno: Vipaji kutoka vijijini, wanafunzi wa Biharamulo.

"Na majina?"

"Majina yote hayawezi kuenea, binti yangu. Nafasi ya matangazo nayo ni lazima iwepo, ndiyo inayolibeba jarida."

Hakusema uongo, na hakusema kwa ubaya. Deodata akarudi ukurasa wa kwanza, akamtazama Mzee Bulugu, kisha akamtazama mwalimu wake aliyekuwa amesimama hatua tatu tu. Akasema, "Ahsante sana." Akaliweka jarida sandukuni taratibu, akalinyoosha kona lisikunjike, akavuka uwanja.

Yuster alisikia yote. Sasa uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekutwa jikoni na mkono ndani ya chungu cha wageni. Nilipompita nikamwona anapiga mluzi, lakini spika zilimzidi.

Nilifurahi. Kisha nikaona aibu kwa kufurahi, maana nilijua ni nini kilichokuwa kinamwondoka.

Kuanzia saa kumi uwanja ulianza kuinama upande wetu. Hapakuwa na kelele wala mtu wa kuhubiri. Walihama wawili wawili, watatu watatu, kama wanaokwenda kuchota maji. Bwana Malongo akabadilisha nyimbo, akaleta za kasi, baadhi wakarudi, wakacheza, wakahama tena. Yuster angeweza kufuta mashindano. Angeweza kusema neno moja tu, wale ni wanafunzi wake, wangerudi. Alisimama pale pale, mikono nyuma.

Jua lilipogusa vilima, upande wa spika walikuwa watu kumi na tisa. Nimesema nahesabu. Bwana Malongo akazima jenereta mwenyewe, akatikisa kichwa, akacheka. "Nimesahau kwamba ngoma ni mpaka jioni," akasema. "Mjini tunaondoka mapema."

Yuster akavuka uwanja. Ni mwendo wa dakika moja, yeye aliumaliza kwa tatu. Watoto wakampisha njia. Akafika mezani, akatoa mkono.

"Mama, umeshinda. Jarida ni lako."

Mama Agripina akaupokea ule mkono, na hakuuachia. "Kaa," akasema. Yuster akakaa kwenye kile kistuli walichokalia watoto siku nzima. "Majina matatu?"

"Mama, mimi sina wimbo. Ninao wa baba tu, na uliniambia..."

"Nilikuambia wa mzee hauingii. Aliutunga akiwa na miaka mingapi?"

"Sijui. Ni wa zamani. Nimemkuta nao."

"Alikuwa mzee alipoutunga?"

"Alikuwa..." Yuster akasita. "Alikuwa baba."

"Hakuzaliwa baba, mwanangu. Yupo wa kumwuliza?"

Yupo shangazi yake Nshoma, dada mkubwa wa Mzee Bulugu, anaishi Nyakahura na simu anayoishika mbali na sikio. Yuster akapiga, akafungua sauti, watoto wakasogea, akaanza na salamu ya Kisukuma.

"Mwadila, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba! Ng'ombe hawajambo?"

Nilikohoa. Yuster hakunitazama. "Hawajambo. Shangazi, ule wimbo wa baba, wa ndama. Aliutunga lini?"

Bibi Nshoma akaanza kucheka, kicheko kirefu cha mtu ambaye hajaulizwa kwa miaka mingi. "Ule? Si alipoteza ndama! Kule Shinyanga, ndama wa baba yetu, mweupe, ana doa hapa kwenye paji. Jua linazama, yeye anaogopa kurudi, atapigwa. Kajificha kwenye mtama analia, na kulia kwenyewe kukawa kuimba. Mimi ndiye niliyemfuata huko. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanangu. Alikuwa hivi!" Na bila shaka kule Nyakahura alionyesha kwa mkono.

"Na ndama?"

"Akarudi mwenyewe asubuhi, mshenzi yule. Kumbe watu wakubwa wakaja wakasema ni nchi, sijui ni nini. Bulugu akaona haya kusema. Ndama ni ndama tu!"

Yuster akaweka simu mezani. Kurasa kumi na nne za chuo, nikawaza, na alama zake nzuri. Lakini sikusema, na hilo mniandikie.

Mama Agripina alikuwa ameshaanza kuchapa. "Bulugu..."

"Bulugu Mashimba Nkwabi," akasema Yuster kwa sauti ndogo.

"Miaka kumi na miwili. Shule?"

"Hakusoma, mama."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anachunga."

Mama Agripina akachapa: Anachunga ng'ombe. Kisha akamgeuzia kompyuta, kama alivyowageuzia wote. "Soma. Jina ndilo?"

Yuster akasoma, akatikisa kichwa kwamba ndilo. Mashine ikalia, karatasi ikatoka. Deodata, ambaye kazi yake tangu mchana ilikuwa kupanga karatasi kwa umri, akaipokea, akaanza kuitafutia mahali. Akafunua chini, akapanda juu, akapita wa kumi na tano, wa kumi na nne, akafika kwa yule kasichana wa kumi na tatu aliyekuwa wa kwanza kabisa. Akaiweka juu yake.

"Mwalimu," akasema, na alishangaa kweli, "kumbe ni mdogo wetu."

Yuster aliinamisha kichwa mezani akalia mbele ya shule nzima, hakuficha, na watoto wakamzunguka wasijue la kufanya. Mmoja akaanza ule wimbo polepole kwa mluzi, maana wote wanaujua, nani angeukosa, na wengine wakadakia.

Mluzi toleo la kwanza lilitoka mwezi wa tisa, jeusi na jeupe, na ukurasa wa kwanza ni wa mtoto aliyepoteza ndama. Mwalimu Yuster bado anakasirika mara nne kwa wiki. Ila sasa akianza tu mluzi wake, darasa zima linamwitikia, na mimi upande wa pili wa ukuta inabidi nisubiri wimbo uishe ndipo niendelee na hesabu.